Programu Isiyokataa Kitu

Nafundisha kompyuta Tandale, ghorofani, juu ya duka la magodoro, na kwa muda niliokaa pale nimeshajua kwamba mjinga hanisumbui. Mjinga anaogopa kubonyeza, na anayeogopa kubonyeza huuliza kwanza. Anayenichosha ni yule anayekuja siku ya kwanza akiwa tayari amechapisha kadi za biashara. Audax alikuja na kadi. Alizigawa darasa zima, hadi kwa mama anayetupikia chai, na zote zilisema kwamba yeye ni mhandisi wa programu na mkurugenzi mtendaji. Mkurugenzi wa nini, kadi haikusema.

Alikuwa na digrii ya masoko, viatu vilivyochongoka mbele, na kitambulisho cha kuning'iniza shingoni ambacho hakuna aliyejua kimetolewa na ofisi gani. Alikuwa pia mchumba wa Hope, binti wa mwisho wa dada yangu Eufrazia, na hiyo ndiyo sababu pekee ya mimi kumpokea katikati ya kozi. Dada alinipigia simu akaniomba. Alisema kijana ni mstaarabu, anajua kuamkia, na ana akili za kisasa. Nikamwambia hizo akili tutaziona.

Tuliziona wiki ileile. Zoezi la kwanza la maana darasani kwangu ni programu inayomwomba mtu namba mbili, izijumlishe, itoe jibu. Audax akaandika mistari yake haraka haraka, akaweka nane na tano, skrini ikamwambia themanini na tano. Darasa likaangua kicheko. Yeye hakucheka. Aligeuza kiti akanieleza, kwa utulivu wa mtu anayetoa semina, kwamba kompyuta haiwezi kukosea, kwa hiyo huenda hiyo ni njia nyingine ya kujumlisha inayotumika kwenye mifumo mikubwa.

Nimesikia mengi katika kazi hii, lakini mtu kuitetea themanini na tano mbele ya watu wazima wenye akili zao, hilo lilikuwa jipya. Nikamweleza kama ninavyowaeleza wote. Chochote kinachoingia kwa kibodi, kompyuta hukipokea kama maandishi. Ukibonyeza nane, inaona mchoro wa nane, haioni vitu vinane. Mchezaji mwenye jezi namba nane akisimama kando ya mwenye jezi namba tano, hawawi kumi na tatu. Wanasomeka themanini na tano. Ukitaka wahesabike, lazima kwanza uiambie kompyuta igeuze yale maandishi yawe namba. Audax akasema ndivyo alivyokuwa anataka kusema.

Baada ya hapo huwa natumia muda mrefu kwenye jambo moja tu: mtu akiombwa namba akaleta kitu kingine, programu yako itafanya nini? Maana ukiilazimisha kompyuta igeuze neno "kumi" liwe namba, inagoma, programu inakufa palepale, na skrini inajaa Kiingereza chekundu. Wanafunzi wangu wengi hulipenda somo hili kwa sababu wote wana mama, shangazi au baba mkubwa wanayeweza kumwona akiandika "kumi". Audax alilidharau. Alisema mtu anayeulizwa umri akaandika "ishirini na tano kasoro" hafai kupewa programu. Nikamwambia huyo ndiye pekee utakayempata, wengine wote wako kwenye vitabu. Akatabasamu, akaandika kitu kwenye simu yake. Nadhani alikuwa anachati.

Sasa dada yangu. Eufrazia alistaafu ukarani akahamia Chanika kwenye nyumba yake ambayo bado haina dari, na nyuma ya nyumba akajenga banda la kuku. Banda hilo lilikuwa na kisa. Kwenye sendofu ya binti yake mkubwa, ile sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa, mpishi aliyekodiwa alileta vibawa. Watu wamevaa vitenge vya sare, wamepanga foleni na sahani, wanafika kwenye chakula wanakuta vibawa, tena vya kuhesabu. Upande wa bwana harusi waliondoka wakinunua chipsi njiani, na maneno hayo yalimrudia dada kupitia kwa watu wasiopungua saba, kila mmoja akijifanya anamwonea huruma. Kwa sendofu ya Hope aliapa kwamba kuku atawafuga mwenyewe, wanono, kila mgeni apate paja au kidari, na mwenye hamu arudie. Alichukua vifaranga wa kuku wa nyama na kuwapigia hesabu wakomae wiki ileile ya sendofu. Kadi za mwaliko zilishagawiwa. Wanajumuiya wenzake walishaambiwa, na wengine walishaanza kusubiri kuona kama ataweza. Vifaranga wale wangekufa, asingekuwa na uso wa kwenda nao kanisani.

Audax aliposikia habari za kuku alisema ana suluhisho. Vijana wa siku hizi hawasaidii, wana masuluhisho. Suluhisho lilikuwa ukurasa wa kwenye simu: unaulizwa una kuku wangapi na wana umri wa wiki ngapi, kisha unaambiwa uweke vijiko vingapi vya dawa kwenye ndoo ya maji. Vipimo alivitoa kwenye karatasi ya dawa, na hapo simlaumu, alivinakili sawasawa. Akaitupa linki kwenye grupu la wafugaji wa Chanika na kuweka picha yake mwenyewe akiwa amekunja mikono.

Programu ilikufa siku ileile. Watu waliandika "200 hivi". Waliandika "mia mbili". Mmoja aliandika "wale wa kwanza au wote?" Audax alikuja darasani amenuna, akasema wafugaji wa Chanika ni washamba. Kisha akaitengeneza kwa namna aliyoijua yeye: ukiandika kitu kisicho namba tupu, skrini inageuka nyekundu na maandishi makubwa yanasema UMEKOSEA. ANDIKA NAMBA TU.

Hope ndiye aliyenisimulia dada yangu alivyokutana na wekundu huo. Ilikuwa Jumamosi, wanajumuiya wamekaa sebuleni kwake baada ya sala, na mkwe mtarajiwa amesimama pembeni anawaonyesha kazi yake. Dada akapewa heshima ya kujaribu. Kwenye umri akaandika "wiki moja". Nyekundu. Akaandika "wiki 1". Nyekundu tena. Audax akaichukua simu mkononi mwake, mbele ya wale wanawake, akabonyeza moja, akamrudishia na kumwambia, "Hivi tu, mama." Hope alinisimulia huku anacheka. Mimi sikucheka. Mwanamke aliyepiga taipu barua za serikali miaka thelathini anafokewa na ukurasa wa simu ulioandikwa na mtu ambaye juzi alikuwa anatetea themanini na tano.

Nilimweka Audax kitako baada ya kipindi. Nilimwambia afanye mambo mawili tu. Kwanza, aweke nafasi mbili, moja ya wiki na moja ya siku, maana hakuna mfugaji wala mzazi anayehesabu umri wa mtoto kwa wiki tupu. Pili, programu ikishapokea, imsomee mtu kile ilichoelewa na kumuuliza kama ni sawa, kabla ya kutoa kipimo chochote. Nikamwandikia mifano. Akapiga picha karatasi, akasema amenipata.

Wiki iliyofuata alisimama mbele ya darasa bila kuitwa. Akatangaza kwamba ametatua tatizo la makosa ya watumiaji moja kwa moja, na kwamba sasa programu yake haikatai kitu. Akaandika "kuku 200 hivi wa mama mkwe", na skrini ikajibu kwa kijani: Asante! Darasa lilivutiwa, nisiwasingizie. Nikamuuliza amefanyaje. Akasema, huku anatingisha kalamu, kwamba anachofanya ni kutupa kila kisichokuwa tarakimu. Herufi inatupwa, nafasi inatupwa, mkwaju, ule mstari wa mshazari, unatupwa. Zinazobaki zinasogezwa pamoja zinakuwa namba.

Nikamwomba simu. Kwenye umri nikaandika moja, mkwaju, mbili, kama mtu anavyoandika nusu. Programu ikasema asante, ikatoa kipimo cha kuku wa wiki kumi na mbili. Nikaigeuza simu ili darasa lione.

"Hakuna kuku wa nusu wiki, Madam," Audax akasema.

"Kuna kuku wa wiki moja na nusu."

"Huyo mtu aandike moja. Au mbili. Madam, programu haiombi maana, inaomba namba."

Nilimwambia nilichofikiri, na sikupunguza. Nilimwambia programu inayogoma inakuudhi, lakini angalau inakiri kwamba haijakuelewa. Hii ya kwake haielewi na inashukuru. Nilimwambia hakurekebisha kosa, amelifunika kwa shuka la kijani. Nikamwagiza aitoe kwenye grupu la wafugaji siku hiyohiyo. Akasema sawa Madam, kwa ile sauti ambayo dereva humwambia trafiki sawa afande, na akaketi.

Hakuitoa. Nilikuja kulijua hilo asubuhi moja katikati ya kipindi, Hope aliponipigia mara tatu mfululizo. Alikuwa analia, na kati ya kilio nikaokota maneno mawili, "vifaranga" na "wamelala". Niliwaachia wanafunzi zoezi, nikaenda Chanika.

Dada alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni mwa banda, bado amevaa kanga ya asubuhi. Ndani, vifaranga walikuwa wamejazana kwenye kona, mabawa yamelegea, wengine wamelala kifudifudi juu ya maranda na hawakuwa na haja ya kuguswa ili mtu ajue wamekufa. Harufu ilikuwa ya dawa. Ndoo ya maji ilikuwa ya manjano kuliko maji yoyote niliyowahi kumwona kuku akinywa. Shikamoo yangu aliiitikia bila kunitazama.

Bwana mifugo, Khalfani, alikuwa ameshafika. Alinieleza kwa kifupi kwamba dawa ilikuwa sahihi, ya kuhara damu, ila waliyopewa vifaranga ilikuwa ya kuku wakubwa, tena kwa siku mbili. Alikwisha mwaga maji yote, akawawekea maji safi yenye glukosi, na watakaovuka siku hiyo walikuwa na nafasi. Hakuahidi zaidi ya hapo. Nikamwomba dada simu yake, nikafungua ukurasa wa Audax. Ulikuwa bado unaonyesha mara ya mwisho ulipotumika: Asante! Vijiko tisa.

"Uliandika nini kwenye umri, dada?"

"Umri wao. Wiki 2 na siku 3."

Sikuhitaji kuhesabu. Programu ilikuwa imetupa "wiki", imetupa "na", imetupa "siku", ikasogeza mbili kando ya tatu. Vifaranga ambao bado walikuwa na manyoya ya utotoni waligeuzwa kuwa kuku wa wiki ishirini na tatu, na wakapewa dawa ya kuku wa wiki ishirini na tatu. Dada aliandika ukweli mtupu, kwa namna ambayo mwanamke yeyote anayelea angeuandika. Ningemuuliza mtu yeyote wa Chanika umri wa kifaranga, angeniambia vilevile.

Nikamuuliza kama hakushtuka kuona vijiko tisa. Alikunja kwanza ncha ya kanga.

"Nilishtuka. Mkono ulisita kabisa. Lakini mkwe ndiye katengeneza, Marietha, ningembishia mkwe? Mara ya kwanza ile simu ilinifokea mbele za watu. Safari hii ikaniambia asante, nikasema basi leo nimepatia. Na hata ningetaka kukataa, ningekatalia wapi? Haina mahali pa kusema hapana."

Nilitoka nje nikasimama karibu na tangi la maji, maana nilikuwa na hasira ambayo sikutaka imwangukie yeye. Audax alinikuta hapo. Alikuja na bajaji, kitambulisho shingoni, akaingia bandani kwa hatua moja, akatoka, akaniomba simu ya mama mkwe aangalie. Alipoona kilichoandikwa, uso wake ukatulia. Kuna watu wanaotulia wakipata suluhisho, na kuna wanaotulia wakipata wa kumlaumu. Alinigeukia na kuanza kunieleza kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini, kwamba kwa kweli hapa tatizo ni la mtumiaji. Programu iliomba wiki. Hakuna mahali ilipoomba siku. Akasema mama angefuata maelekezo, haya yote yasingetokea.

Alichagua Kiingereza ili dada asielewe. Dada alikuwa hatua chache tu kutoka pale. Huyu ni mwanamke ambaye wakubwa zake ofisini walikuwa wanamletea barua zao za Kiingereza awasafishie kabla hazijaenda wizarani. Niliona mgongo wake ukinyooka pale kwenye kigoda. Kisha akainuka, akajifunga kanga vizuri, akamwambia, "Karibu ndani baba, upate chai." Mkwe ni mkwe. Na Audax akaingia, akanywa chai, akala na chapati mbili.

Jioni tulihesabu waliobaki. Karibu nusu ya banda ilikuwa imekwenda. Waliovuka walianza kunywa na kudonoa kesho yake, lakini hata wote wangenenepa kama bata mzinga, wasingetosha kadi zilizogawiwa. Dada hakumwambia mtu. Jumuiya wakampigia simu kuuliza kuku wanaendeleaje, akasema wanaendelea. Kila aliposema hivyo alitazama chini, hata kwenye simu, ambako hakuna anayemwona.

Audax hakuonekana darasani kwa muda. Mara alikuwa na homa, mara alikuwa na kikao. Hope alimwambia wazi kwamba anapaswa kufidia kuku wa mama yake, na akamwambia pia kwamba asipofidia, yeye hatavaa gauni lolote. Dada alipolisikia hilo alimkemea binti yake, akasema mkwe hadaiwi. Hadaiwi, hakumbushwi, haulizwi. Ndivyo tulivyolelewa, na sipingi malezi, ila nilianza kuona kwamba heshima yote ya nyumba ile ilikuwa inatumiwa na mtu mmoja kujifunika nayo.

Wiki ya sendofu ilipokaribia, alijitokeza. Hakuja mwenyewe. Aliandika kwenye grupu la kamati, lile lenye wazazi wa pande zote mbili, mashangazi, wajomba, mshereheshaji na mpiga picha. Ujumbe ulianza kwa salamu ndefu kwa wazazi wake wapendwa. Kisha ukasema hivi: "Kufuatia changamoto ndogo iliyojitokeza upande wa mifugo, nitaleta kuku 8 Ijumaa na 5 Jumamosi. Asanteni."

Changamoto ndogo. Nusu ya banda la vifaranga inakufa midomo wazi kwa ajili ya uvivu wake, na yeye anaiita changamoto, tena ndogo, tena iliyojitokeza yenyewe kama upele. Na fidia yake kuku wa kutosha meza moja. Niliisoma mara mbili, nikaweka simu chini, nikaichukua tena. Mimi ndiye niliyekuwa katibu wa kamati ndogo ya chakula. Kazi yangu ilikuwa kupokea ahadi na kuzithibitisha.

Nikaandika: "Asante! Kuku 85 wamepokelewa."

Grupu likalipuka. Shangazi yake Audax aliweka mikono ya kupiga makofi, mistari miwili mizima. Mjomba wetu kutoka Ndanda akaandika kwamba hajawahi kuona mkwe wa namna hii. Mshereheshaji akasema atalitangaza ukumbini. Halafu baba yake Audax, mzee Deogratias, mtu mkimya ambaye tangu grupu lianzishwe hakuwahi kuandika neno, akaandika: "Safi sana mwanangu. Umenipa heshima." Baada ya hapo hakukuwa na mlango wa kutokea.

Simu yangu ililia papo hapo. Audax. Nilimwacha asubiri kidogo, kisha nikapokea.

"Madam, shikamoo. Kuna makosa kidogo kwenye grupu. Umeandika themanini na tano."

"Marahaba. Ndizo zilizoingia. Nane, halafu tano."

"Lakini mie nilimaanisha kumi na tatu."

"Audax," nikasema, "hatuombi maana. Tunaomba namba."

Nilisikia anavuta pumzi. Nilisubiri anieleze kwamba hapa tatizo ni la mpokeaji, kwamba ujumbe ulikuwa na neno Ijumaa na neno Jumamosi na kila mtu mwenye akili angeyasoma. Alikuwa na haki ya kusema hivyo, na ningemwambia ni kweli kabisa, rudia hiyo sentensi polepole. Hakusema. Aliuliza tu, kwa sauti ambayo kwa mara ya kwanza haikuwa ya semina, kama mama yupo salama. Nikamwambia mama yupo, na kwamba akija na kuku aje pia na programu, ile ya karatasi aliyoipiga picha.

Alikuja Ijumaa. Kirikuu, kile kigari cha mizigo, iliingia uani ikipiga honi, nyuma imepangwa matenga hadi juu, kuku wametoa shingo kila upande, na Audax ameketi katikati yao kwa sababu mbele palikuwa na mzee Deogratias. Viatu vilivyochongoka vilikuwa vimetapakaa kinyesi. Kitambulisho kilikuwa hakipo. Labda kuku walikikalia. Majirani walitoka kuangalia, na wanajumuiya wawili waliokuwa wanapita kwa bahati, bahati yao ya kila siku, wakasimama kwenye uzio. Dada akatoka. Alitazama matenga moja moja, akaweka mkono kifuani, na niliona mabega yake yakishuka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi ile. Akawakaribisha wakwe kwa sauti iliyofika kwenye uzio na kuvuka.

Audax hakuniangalia. Akashuka na tenga moja mkononi, akamwendea mama mkwe, akampa simu kwa mkono mwingine. Alisema amebadilisha. Alisema, kama si usumbufu, angependa mama aijaribu yeye kwanza kabla hajaiweka kwenye grupu. Hakusema samahani, neno hilo sijui kama litamtoka katika maisha haya. Lakini aliinamisha kichwa alipokuwa anaitoa ile simu.

Dada akavaa miwani. Kulikuwa na nafasi ya wiki na nafasi ya siku. Akajaza umri wa kuku wake waliobaki, kwa kidole kimoja, bila haraka. Skrini ikamsomea: Umesema kuku wana wiki 6 na siku 1. Ni sawa? Chini yake palikuwa na vitufe viwili, Ndiyo na Hapana, vya ukubwa mmoja.

Aliyasoma maneno hayo kwa sauti. Akamtazama mkwe wake aliyesimama juani, jasho linamtiririka, tenga la kuku wanaopigana likimvuta bega upande. Kisha akabonyeza Hapana. Programu ikarudi mwanzo, ikamwomba kwa upole ajaze upya. Akajaza vilevile, wiki 6 na siku 1. Ikamuuliza tena kama ni sawa, na akabonyeza Hapana.

"Kwani si sawa, mama?" Audax akauliza.

"Ni sawa kabisa, baba," dada akasema, akabonyeza Hapana tena.